Mwenye Kitambaa Cheupe wa Barabara ya Luano

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, nisije nikakatizwa katikati. Haya sikuyasikia kwa jirani, wala hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, mchana, nikiwa kazini, simu ikiwa sikioni. Mdogo wangu Odette yuko makaburini kwa ajili ya mambo haya. Sasa niambie, mtu mwenye akili zake anaweza kutunga uongo juu ya kaburi la mdogo wake?

Kazi yangu ni kupokea simu za watu wanaoomba gari la wagonjwa hapa Lubumbashi. Jina la huduma yetu silitaji, kwa sababu bado nala mkate wao. Usidhani ni ofisi kubwa yenye mitambo na taa zinazowaka. Ni chumba kimoja, meza moja na simu mbili za mkononi: moja ya wagonjwa, moja ya kuongea na dereva. Magari ni mawili, lakini lile la pili limepandishwa juu ya mawe nyuma ya ukuta na kuku wa mlinzi wanatagia ndani yake. Kwa hiyo gari ni moja, na mji unauona mwenyewe ulivyotanuka.

Kabla sijaendelea lazima nikueleze namna tunavyofanya kazi, maana bila hiyo hutaelewa lolote. Mitaa mipya haina majina wala namba za nyumba. Mtu anapiga simu anasema, kwetu ni nyuma ya kanisa, penye ukuta haujaisha, uliza kwa Mama Fulani. Dereva ataulizaje watu huku mgonjwa anakata roho? Ndiyo maana sisi humwambia mpigaji: tuma mtu mmoja barabarani, ashike kitambaa cheupe, apunge, na asiondoke pale mpaka aone gari. Dereva akiona kitambaa cheupe anakifuata. Hiyo ndiyo ramani yetu. Maneno hayo nimeyasema mno, hata watoto wangu nyumbani wakiniudhi hunitania nayo.

Kuna jambo la pili. Mtu akiuliza gari liko wapi, sisi tunajibu, "Motoka iko mu njia." Tunajibu hivyo hata kama gari liko upande wa pili wa mji na mgonjwa mwingine, hata kama halina mafuta. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, ili mtu atulie asianze kupiga kelele. Na wewe usinitazame hivyo. Katika mji huu nani hajawahi kusema yuko njiani huku bado anatafuta viatu chini ya kitanda? Tofauti ni kwamba sisi tumeufanya uongo huo kuwa kazi.

Odette ni kitinda mimba wetu. Mama alikufa Odette angali mdogo, kwa hiyo mgongo uliomlea ni huu wangu. Tangu utoto alikuwa na asma, na nilijifunza kusikiliza pumzi yake usingizini kabla sijajifunza kupika vizuri. Alipoolewa na Serge, fundi wa kuchomelea vyuma, wakapata kiwanja mbele ya Luano, kule ndege zinakoshuka. Nilimwambia ni mbali. Akacheka, akasema yaya, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, ile ndiyo tuliyoiweza, nawe utakuja kupumua hewa safi. Waliezeka mabati, wakahamia ukuta wa jikoni ukiwa haujafika juu.

Siku ile mvua ilianza baada ya saa za chakula, mvua ile yetu ya katikati ya masika, ambayo haikupi nafasi ya kuanua nguo. Umeme ukaondoka. Simu ya wagonjwa ikalia, nikaona jina la Odette. Alijua niko zamu. Nilidhani ananiuliza kama mvua imefika mjini.

"Yaya," akasema, "sipate pumuzi."

"Pompe yako ya kuvutia dawa iko wapi?"

"Ilishaisha. Serge alienda kutafuta asubui, ya pharmacie ya hapa ilishaisha pia."

"Serge yuko hapo?"

"Iko hapa. Iko ananishika mugongo."

Nilichukua simu ya pili, nikampigia dereva. Papa Ramazani ni mtu mzima wa familia ya Kiislamu kutoka Maniema, mtaratibu, hawashi gari bila kusema bismillahi. Na amini usiamini, alikuwa ametoka kumshusha mgonjwa hospitalini dakika hiyo hiyo, mafuta yamo, nesi amekaa kando yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamweleza ni Luano, ni mdogo wangu. Hakuuliza la pili, nikasikia injini.

Nikarudi kwa Odette, nikasema yale ninayosema kila siku. "Mwambie Serge aende ku barabara na kitambala ya mweupe. Asitoke pale mpaka aone motoka."

"Aniache miye peke yangu, yaya?"

"Kidogo tu. Miye niko na weye hapa ku simu."

Nilimsikia akimwambia mumewe. Nilisikia mlango. Simu ya Serge haikuwa na chaji tangu asubuhi, kwa hiyo alitoka na shuka tu, shuka nyeupe ya kitandani, na simu pekee iliyobaki ikawa ile ya Odette. Nikamwambia motoka iko mu njia. Unajua alinijibu nini? Alicheka, kicheko kisicho na hewa, akasema, "Ni njia ya kweli, ao ni ile ya kazi yenu?"

"Ya kweli, mama yangu. Leo ni ya kweli."

Na ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniua. Mara zote nilizowadanganya watu, siku ile sikudanganya.

Nikakaa na simu mbili, moja kila sikio. Sikio la kushoto Odette anapumua kama mtoto anayenyonya mfuko wa maji uliokwisha. Sikio la kulia ni vipangusio vya gari na Papa Ramazani akilalamika haoni mbele. Wakapita njia ya uwanja wa ndege. Kisha akasema, "Mama, nishamuona mutu wenu. Iko anapunga kitambala."

"Mufuate!" nikasema. Sikuuliza yukoje, amevaa nini, jina lake nani. Hatujawahi kuuliza. Mtu aliyesimama kwenye mvua na kitambaa cheupe, ni nani mwingine kama si yule tuliyemweka?

"Anakimbia mbele yetu," Papa Ramazani akasema. "Mwambie apande, atachoka."

Ningemwambiaje bila simu? Nikasema mufuate tu, na nikamwambia Odette, wameshamuona Serge, wanaingia, wanaingia sasa hivi. Alisema "mm." Nikaanza kumsimulia mambo ya kijinga, jinsi alivyokuwa akiiba maziwa ya unga, ili asikie sauti yangu.

Gari likasimama. Nilisikia milango, nikasikia geti la bati likigongwa. Nikangoja kusikia sauti ya nesi katika simu ya Odette pia, kwa sababu kama wamefika kwake, lazima sikio la kushoto nalo lisikie. Halikusikia kitu. Sikio la kushoto lilikuwa na mvua juu ya mabati na pumzi ile. Sikio la kulia lilikuwa na mwanamke ambaye simfahamu, anapiga kelele ndani ya lupango yake, yaani uwanja wa nyumba yake.

"Tena? Munakuya tena? Munatafuta nani mu lupango yangu? Munipe amani, kwa jina ya Mungu!"

"Mama," Papa Ramazani akaniambia, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "huku hakuna Odette."

"Muulize Serge! Mutu aliyewaleta!"

"Haiko. Alikuwa hapa mbele ya motoka, alisonta hii lupango na mukono. Haiko tena."

Nilipiga kelele warudi barabarani, waende mbele zaidi. Njia ile ni nyembamba, imejaa maji, gari kubwa haligeuki. Walirudi kinyumenyume. Nilisikia injini ikilia na nesi akipiga ubavu wa gari kumwongoza dereva. Odette akasema "yaya" mara moja, kawaida, kama mtu anayekuita jikoni akuulize chumvi iko wapi. Nikasema niko hapa. Kisha katika sikio la kushoto ikabaki mvua.

Niliendelea kuongea. Wenzangu, niliendelea kumwambia motoka iko mu njia, mpaka nikasikia miguu na mlango na Serge akiita jina lake. Nesi ndiye aliyeokota simu chini. Akasema, "Mama, kata simu."

Kilio tulikiweka kwetu Katuba, turubai limefunga nusu ya barabara, viti vya kuazima, mvua juu yake. Serge hakukaa na wanaume. Alikuja kukaa chini, karibu na mkeka wangu, na ile shuka mapajani, haijafuliwa. Akasema bila kunitazama.

"Yaya, niliiona ile motoka. Ilikata njia kule nyuma, haijafika kwangu. Nikasema ile haiko yetu, yetu inakuya. Nilitaka kuikimbilia, lakini ulisema nisitoke."

Yeye akaendelea, taratibu, hana hasira. "Ungeniacha nikae naye. Angekufa mu mikono yangu."

Ningependa anipige. Kweli kabisa, ningependa ainuke anipige mbele ya watu wote. Alikaa tu akiikunja ile shuka na kuikunjua.

Papa Ramazani naye alikuja kutoa pole. Alimtazama Serge kwa muda, kisha akaniita nje ya turubai. Akasema mtu aliyemfuata siye huyu. Yule alikuwa mfupi, mnene, mwenye upara, shati la kijani. Halafu akasema jambo lingine, akilisema chini chini kama anaona haya: mvua ilikuwa kali hata vipangusio vimeshindwa, lakini kile kitambaa kilikuwa kinapepea. Kitambaa kikilowa kinaning'inia. Kile kilikuwa kinapepea kama kimeanikwa juani.

Wewe ungefanya nini? Mimi baada ya kuanua turubai nilimwambia anipeleke kwenye lile geti.

Mwenye nyumba anaitwa Mama Jolie. Hakutaka kutufungulia. Nilipomwambia mimi ndiye dada wa marehemu aliyekuwa akitafutwa siku ile, akafungua, akanipa kiti, na yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nitakueleza kama alivyonieleza, sitaongeza hata chumvi.

Msimu wa mvua uliopita, mtoto wake Jolie alishikwa na homa, akaanza kukakamaa. Walipiga simu kwetu, namba ile ile. Ikapokelewa na mama mmoja mwenye sauti ya upole. Akawaambia motoka iko mu njia, baba atoke na kitambaa cheupe, asiondoke mpaka aone gari. Baba yake Jolie akatoka mbio na taulo jeupe la mtoto. Mama akabaki na mtoto. Mtoto akafa. Akamfunika, akakaa kumngoja mumewe arudi amwambie. Hakurudi. Jioni ndipo vijana wa pikipiki walikuja kumwambia lori la mchanga liliteleza kwenye mvua, likamkuta pale kando ya barabara. Walikuwa wamempigia honi na kumpigia kelele aruke. Alitazama lori, akatazama upande wa mjini, hakuruka.

"Gari letu lilikuja saa ngapi?" nikauliza, mjinga mimi, kwa Kiswahili cha ofisini.

"Motoka haikukuya," akasema. "Ile siku haikukuya. Sasa ndiyo inakuya. Mvua ikinyesha, naona motoka ku mulango. Yenu, na ya bengine. Banashuka na kitanda yabo, banauliza mugonjwa iko wapi. Miye nilibaita nikalia, hapana mutu. Leo siiti mutu, banakuya."

Alisema hayo bila kulia. Papa Ramazani alikuwa amesimama mlangoni ameinamisha kichwa. Alinong'ona maneno ya dua, na tangu siku ile hakushika usukani tena. Sasa anauza viatu na ndugu zake sokoni, na tukikutana tunasalimiana tu.

Yule mwenye sauti ya upole nilimjua mara moja. Ni Régine, aliyekuwa akikaa kiti changu kabla yangu, aliyeacha kazi ghafla na kuhamia Kilwa yetu ya ziwani kwa mume wake anayefanya biashara ya samaki. Nilimpigia. Nilimwambia kuna mtu uliyemweka barabarani, bado amesimama, njoo umwambie arudi nyumbani. Akasema siku ile gari lilikuwa halina hata tone la mafuta. Akasema, "Nilikuwa nabaambia nini? Weye unabaambiaka nini?" Akakata. Nilipiga tena na tena, haikupokelewa.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilingoja mvua, na mvua ilikuja mchana wa Jumapili, watu wametoka kanisani. Nilishuka kwenye teksi kabla ya ile njia, nikatembea kando ya barabara na mwavuli. Nilijiambia sitaona kitu. Nilijiambia Papa Ramazani ni mzee, Mama Jolie ana uchungu, na mimi sijalala tangu mazishi. Ndivyo mtu anavyojifariji, si ndivyo?

Alikuwepo. Usinilazimishe nikueleze vitisho, maana hapakuwa na vitisho. Hana kwato, hana macho mekundu. Ni baba wa watu, mfupi, mwenye upara, shati la kijani limetoka vifungo viwili, amesimama ukingoni mwa lami na taulo dogo la mtoto lenye bata pembeni. Maji yanamwagika kila mahali, yeye mkavu. Taulo kavu. Magari yanapita yananirushia matope mimi, yeye hayamfikii. Macho yake yako upande wa mjini. Nimeona watu wengi wakingoja gari letu, na ninakuambia, sijaona mtu anayengoja kwa imani kama ile.

Nikauacha mwavuli uanguke. Nikasema, "Baba Jolie."

Akageuka kidogo tu, kwa heshima, kama mtu anayeitwa akiwa na shughuli.

"Baba Jolie, miye ni mutu wa ile simu. Motoka ilishakuya. Ilishafika. Rudia ku nyumba."

Uso wake ukafunguka. Mungu nisamehe, uso ule. Aliangalia nyuma yangu, akaangalia barabara yote mpaka mwisho, akitafuta. Halafu akaniuliza swali, polepole, kama anayetaka kuelewa vizuri asije akakosea.

"Ilikuya juu ya nani?"

Ilikuja kwa ajili ya nani? Hebu mjibu wewe. Nimekaa miezi na swali hilo na sijapata jibu. Ningesema kwa ajili ya Jolie? Jolie alikufa hakuna gari lililowashwa. Ningesema kwa ajili ya Odette? Gari lilitoka kwa ajili ya Odette, likafika kwa mwingine. Nilifungua mdomo, nikasikia maneno yetu yale yanakuja yenyewe, motoka iko mu njia, nikauziba mdomo kwa mkono. Nikalia mbele yake kama mtoto.

Alipoona sina jibu, macho yakarudi upande wa mjini, akainua taulo.

"Sogeya kidogo, mama," akasema. "Banione."

Nikasogea. Ningefanya nini kingine?

Tulileta mchungaji, akamwaga mafuta pale. Jamaa za Papa Ramazani walileta sheikh, akasoma. Mvua iliyofuata gari la huduma nyingine likapiga honi kwa Mama Jolie. Yeye amechoka, amekwenda kwa kaka yake kule Lukafu kulima mahindi, na nyumba imefungwa kwa mnyororo. Mimi niko kazini bado. Nani atanipa kazi nyingine? Siku ambayo hatuna gari namwambia mtu hatuna gari, atafute pikipiki, na ananitukana matusi ambayo siwezi kuyataja. Wakubwa wameniita mara mbili kunionya kwamba nawatisha wateja. Lakini gari likiwepo, bado nasema tuma mtu barabarani. Hakuna njia nyingine. Ninawaambia madereva wapya waulize jina la mgonjwa kabla ya kumfuata mtu, wanaitikia, na mvua ikija wanasahau.

Ningeweza kuishia hapa. Ila bado kuna Serge.

Serge hachomelei tena. Mvua ikianza tu, popote alipo, anaacha alichoshika, anachukua ile shuka na kwenda kusimama pale pale aliposimama siku ile. Mwanzo alisema anawaonya madereva. Anawapigia kelele, musimufuate ule, kule ni bure. Nilimwacha, nikafikiri ni namna yake ya kulia. Lakini wiki iliyopita dereva wetu mpya, akiwa anakwenda kumchukua mzee mmoja, alimwona mtu akipunga, akamfuata. Akafikishwa kwenye nyumba ambayo ukuta wa jikoni haujaisha. Mlango wazi, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu kitandani. Na yule aliyemleta, amelowa mwili mzima, anatetemeka meno, akamshika mkono akimwambia, "Ingieni, ingieni, iko humu, haipate pumuzi."

Yule mzee aliyekuwa akilingoja gari, unataka kujua? Usitake kujua.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayesikia. Ukipita barabara ya Luano mvua ikinyesha, utaona wanaume wawili wakipunga vitambaa vyeupe. Yule mkavu mpite, humwezi, hata mimi sikumweza. Lakini yule aliyelowa ni mtu hai, ni shemeji yangu. Nakuomba, simama. Usimfuate anakokuelekeza, hakuna mgonjwa. Mpandishe kwenye gari lako umtoe pale, hata kwa nguvu. Mimi nimekwenda mara nyingi kumsihi aondoke. Ananisikiliza vizuri, ananiita yaya, halafu ananikumbusha kwamba ni mimi niliyesema asiondoke.